Maneno ya Mgeni

Debrecen, Hungaria
4 Februari 2024

Baba Mdogo Sitati,

Nakusalimu, kisha nakusalimu tena, maana salamu ya kwanza itakuwa imepoa njiani. Huku theluji imefika magotini. Mimi ni mzima, ila nimenenepa, kwa sababu chakula chao chote kinaogelea kwenye mafuta. Mama niliongea naye Jumapili kwa simu. Anasema huko kwake Bahati jua ni kali, na wewe umekataa tena kuvaa kile kifaa cha masikio nilichokutumia. Sawa, endelea na uziwi wako. Angalau mimi nimepata sababu ya kuandika barua kama watu wa zamani.

Sasa jambo lenyewe. Profesa wangu amenipa nimchunguze mwandishi mmoja wa michezo ya kuigiza, mtu wa hapa, wa miaka mia mbili iliyopita, aitwaye Kerekes Ambrus. Huku jina la ukoo hutangulia. Alikuwa mwana wa mfumaji, akawa karani wa mahakama, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika michezo kwa Kihungaria wakati wakubwa walipotaka kusikia Kijerumani tu. Mchezo wake mkubwa ulipigwa marufuku. Akarudi mji wa kwao, akanyamaza, akafa na miaka arobaini na mitatu, na majirani waliombeba kwenda kaburini hawakujua kama aliwahi kuandika chochote. Leo ana sanamu na barabara. Nimewauliza watu kumi kwenye barabara hiyo. Hakuna aliyesoma hata ukurasa wake mmoja.

Kilichonishtua ni hiki. Siku zile karatasi ilikuwa ghali na hofu ilikuwa nyingi, kwa hiyo kila mwigizaji alipewa maneno yake tu, pamoja na neno la mwisho la anayemtangulia, ili ajue wakati wa kuanza. Mchezo mzima uliteketea. Wasomi wameuokota kutoka kwenye karatasi za waigizaji. Niliposoma hapo nilitoka nje bila koti, kwa maana Mama amenisimulia kuwa Baba alifanya vivyo hivyo mwaka 1987, pale kwenye ukumbi wa landhies, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Waigizaji wanne, kila mtu na maneno yake, na mchezo mzima akauchoma kwa mkono wake ili usikutwe nyumbani.

Baba alikufa nikiwa na miaka mitatu. Nina picha yake moja, basi. Nakuomba unitafutie karatasi za ule mchezo wake, "Ghala", za watu wote wanne. Profesa anasema zikipatikana chuo kitauchapisha kwa jina lake, Wasike. Hilo ndilo ninalolitaka kuliko shahada yenyewe.

Binti yako,
Nasimiyu


Kaptembwo, Nakuru
11 Machi 2024

Mwanangu Nasimiyu,

Barua yako imefika na stempu ya farasi. Chelimo wa mlango wa pili ameiomba stempu, nimempa. Mimi sijambo, ila magoti hayataki kusikia habari za kilima. Mama yako alikuja Jumamosi na mahindi na viazi, akanifulia blanketi bila kuombwa, kama afanyavyo tangu mke wangu atutoke. Kuku wake saba wamekufa kwa kideri. Anamlaumu jirani, lakini wewe unamjua Nerima, lazima awepo wa kulaumiwa.

Huyo Mhungaria wako nimempenda. Watu hudhani aliyenyamaza ameshindwa, kumbe pengine amechoka tu.

Nimefanya ulivyosema. Maneno ya Mjane, aliyeigizwa na Mama yako, alikuwa nayo mwenyewe, kurasa sita, ndani ya Biblia yake. Maneno ya Mlinzi, ambaye aliigizwa na baba yako mwenyewe, yalikuwa hapo hapo, kurasa kumi na moja, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Nimetoa nakala mjini na kuzitia humu. Msichana wa duka la mashine aliniuliza kwa ishara kama ninalia. Nikamwambia ni vumbi.

Jonah, aliyekuwa Mwenye Ghala, alifariki 2009. Sidhani kama kuna kilichobaki. Tena kumbuka mchezo haukuonyeshwa hata mara moja, baba yako alikamatwa siku tisa kabla. Usitarajie makubwa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Vaa soksi mbili mbili.

Baba yako mdogo,
Sitati


Debrecen
9 Aprili 2024

Baba Mdogo,

Asante, na asante tena. Theluji imekwisha, sasa ni tope kama la Kaptembwo. Mwambie Chelimo nimemtumia stempu ya treni.

Nimesoma karatasi za Baba mpaka nimezikariri. Mbona hamkuniambia alikuwa mcheshi? Mlinzi ana njaa siku ya tatu, amekaa nje ya ghala lililojaa mahindi, na bado anafanyia utani tumbo lake. Nilicheka peke yangu maktaba, nikafukuzwa. Kisha nikalia chooni. Maisha yangu yote nimeambiwa baba yangu aliteseka. Hakuna aliyewahi kuniambia alichekesha.

Lakini umeruka jambo. Wewe ndiwe uliyekuwa Mgeni, yule anayekuja langoni kumshawishi Mlinzi. Umeandika habari za Mama, za Baba, za Jonah. Maneno yako mwenyewe yako wapi? Na Jonah hakuacha mtoto?

Kerekes naye ana sehemu moja iliyopotea. Ni ya mshawishi vilevile. Wasomi wamebishana miaka mia juu ya alichosema mtu huyo, na wengine wamejitungia. Basi jana nimegundua kwamba mwigizaji mwenye sehemu hiyo aliishi mpaka miaka sabini, katika mji ule ule, akiuza mishumaa. Hakuna aliyepiga hatua kwenda kumwuliza. Mimi sitaki kuwa msomi wa namna hiyo. Nakuuliza ungali hai.

Nasimiyu


Kaptembwo
20 Mei 2024

Mwanangu,

Tumeponea chupuchupu. Mvua ya mwaka huu haikuwa mvua, ilikuwa vita. Umesikia ya Mai Mahiu, watu walichukuliwa wakiwa vitandani. Huku kwetu ukuta wa choo umeanguka, na Mama yako amepoteza maharagwe yote ya bondeni. Wiki mbili nimelala kwenye meza. Kwa hiyo usiniulize kwa nini nimechelewa.

Jonah ana binti, Jemutai, anafunga maua huko Naivasha na amepanga chumba Karagita. Nilimwendea. Mlango ulikuwa wazi, naye anaosha sufuria. Nilipomwambia jina langu aliendelea kuosha. Nikamwonyesha masikio, basi akachukua daftari la mtoto wake akawa ananiandikia. Nakuwekea kama alivyoandika, ukurasa ninao.

"Mzee unataka nini hapa?"

Nikamwambia nilikuwa rafiki wa baba yake, tuliigiza pamoja.

"Rafiki gani? Marafiki hukuja matanga. Hakuna mtu ya reli alikuja. Hata kanisani bench yake ilikuwa ya mtu mmoja. Mlisema ati ni yeye aliuza Wasike kwa sababu ni Mkalenjin na wakubwa walikuwa Wakalenjin. Na ile jioni hakukuja mazoezi mama alikuwa ananizaa mimi. Hiyo mlimuuliza?"

Akapanda kitandani, akatoa bahasha juu ya kabati.

"Chukua hizo makaratasi. Alikuwa anasema siku moja mtu atakuja kuangalia kama ziko zote. Hesabu hapa mbele yangu."

Nikahesabu. Kurasa saba, zote zipo. Hakunipa kiti, nami sikustahili kudai. Nakala hizi hapa.

Yale maneno yangu yaliliwa na mchwa zamani, huko landhies. Yasahau. Mjane, Mlinzi na Mwenye Ghala wanatosha kabisa, chapisheni hao.

Sitati


Debrecen
23 Juni 2024

Baba Mdogo,

Pole kwa mvua, na pole kwa Mama. Nimemwambia asipande tena bondeni lakini ananicheka.

Nimeziunganisha sehemu tatu mezani. Hazitoshi. Mgeni ndiye anayeuendesha mchezo, na bila yeye Baba anaonekana mwendawazimu anayejibizana na lango. Ninayo maneno ya mwisho tu ya kila usemi wako, kwa sababu Baba aliyanakili ili ajue zamu yake. "Panga." "Amelala." "Panga" tena. "Hata kabla ya jogoo." Ni mambo gani hayo?

Lakini kuna jingine linaloninyima usingizi. Mama ameshikilia tangu utoto wangu kwamba Jonah ndiye aliyepeleka karatasi kwa askari. Nilipomwuliza juzi alisema kama kawaida yake, "Kikulacho ki nguoni mwako." Haya, niambie. Baba aliuchoma mchezo mzima. Karatasi za Mama ziko sita, za Baba kumi na moja, za Jonah saba, hakuna hata moja iliyopungua, na nambari amezitia Baba mwenyewe. Jonah alipeleka nini?

Mchwa wa Nakuru wanachagua sana, Baba Mdogo.

Nasimiyu


Debrecen
5 Agosti 2024

Baba Mdogo,

Wiki sita kimya. Mama anasema u mzima na unakula vizuri. Kwa hiyo si ugonjwa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nausubiri.

N.


Kaptembwo
8 Septemba 2024

Nasimiyu, mwana wa kaka yangu,

Mama yako hajambo. Kuku wapya wameanza kutaga. Nimeanza barua hii mara tano, na kila mara nimefika kwenye kuku nikaishia hapo.

Ni mimi.

Februari 1987 watu wawili wenye makoti, askari kanzu, walinishika getini mwa kiwanda cha mafuta nilikokuwa nafanya kazi. Walinikalisha kwao siku mbili. Walijua kuna mchezo, hawakujua unasema nini. Wakasema nilete mchezo huo kabla ya Alhamisi, la sivyo watawachukua Wasike na Nerima, na ndoa yao itafungwa watakakojua wao. Hawakunipiga sana. Ningependa kukwambia walinipiga sana.

Nikafikiri nina akili. Mchezo mzima haupo. Maneno ya Wasike sitayagusa, wala ya Nerima, wala ya Jonah. Nitawapelekea yangu tu. Mtu atafanya nini na nusu ya mazungumzo? Ni kama kumsikia mtu anayeongea na simu. Niliona ninawalinda wote watatu. Nilikwenda nikiwa karibu nafurahi.

Sasa ujue Mgeni anasema nini. Anamwambia Mlinzi, "Chukua panga. Mwenye ghala amelala. Watu wana njaa, nawe una mkono." Mlinzi anamjibu, wewe unalo jibu lake, "Nikimwua, kesho mimi ndiye nitakayelala humu, nawe utakuja langoni kumtafuta mwingine mwenye panga." Mchezo wote ni jibu hilo. Lakini jibu liko kwenye karatasi za baba yako. Kwenye zangu hakuna jibu. Kwenye zangu kuna "chukua panga" mara nne, nchi ina njaa, mkubwa amelala, na yote kwa mwandiko wa Wasike. Hilo la mwandiko sikulifikiria hata kidogo, mpaka nilipomwona yule mkubwa wao ameweka kando yake fomu ya kazi ya baba yako na kulinganisha.

Kesi haikumaliza dakika kumi. Baba yako alikiri, walikuwa wameshamkirisha. Miaka mitatu. Unajua alivyorudi na kifua kile, na jinsi alivyokwisha mwaka wa tisini na sita.

Kuna zaidi, nawe utanichukia kwa hili kuliko kwa lile. Baba yako alijua. Siku aliyotoka aliketi kitandani kwangu akasema, "Walinisomea maneno ya Mgeni tu," kisha akaomba maji. Nilipiga magoti. Nikamsihi asimwambie Nerima. Akasema, "Nina ndugu mmoja." Hatukulizungumza tena. Wakati huo landhies nzima ilikuwa imeshamhukumu Jonah, na ilitufaa. Siku moja tulikutana naye pale stesheni, mimi na baba yako. Jonah alivua kofia. Wasike alipita, nami nikapita nyuma yake.

Masikio yangu yalipoanza kufa nilimshukuru Mungu. Nilijua hakuna mtu atakayeniuliza tena kwa sauti.

Humu ndani kuna maneno ya Mgeni, kurasa tisa. Sikuyasahau. Nimeyaandika jana kwa kukaa mara moja, sikukwama popote.

Usimwambie Mama yako. Ndiye anayenifulia.

Sitati


Debrecen
6 Oktoba 2024

Baba Mdogo,

Nimelipokea furushi. Nimekaa siku kumi bila kukuandikia kwa sababu kila nilichokiandika kilikuwa tusi, na Mama hakunilea hivyo.

Mchezo umekamilika. Nimeusoma mwanzo hadi mwisho, Mgeni na Mlinzi, mstari kwa mstari, na ni mzuri kuliko nilivyowahi kuota. Ninakwambia ili ukijue pia ulichokipeleka kule kwa nusu. Profesa ameusoma kwa tafsiri yangu mbovu, akasema Kerekes hakuwahi kuandika lango kama hilo. Wanataka kuuchapisha mwakani.

Nilitaka kitabu chenye jina la baba yangu. Nilikuwa nimemtengenezea sanamu tayari, kichwani. Sasa kila nikisoma utani wa Mlinzi namwona akipita mbele ya Jonah aliyevua kofia. Ungeniachia baba yangu, na bado ungekuwa umekiri lako. Halafu nafikiri, kama ungemficha ningekuwa nimemzika Jonah mara ya pili, kwa maandishi, na jina langu likiwa kwenye jalada. Nina hasira na wewe, na nina hasira na yeye, na yeye siwezi kumwandikia barua.

Kitabu kitakuwa na orodha ya waigizaji wa kwanza. Jonah atatangulia, na itaandikwa kwamba alisingiziwa na karatasi zake zilikuwa kamili. Chini ya jina lako itaandikwa ulichopeleka. Chini ya jina la Baba itaandikwa kwamba alijua. Ukikataa sitauchapisha kabisa, abaki bila jina kama alivyo sasa. Nakuachia wewe uamue, kwa maana wewe na yeye mmezoea kuamua mambo ya wengine.

Mama sitamwambia mimi. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, uso kwa uso, kabla hajaja tena kukufulia.

Nasimiyu


Kaptembwo
3 Novemba 2024

Nasimiyu,

Salamu za kukupa sina. Chapisha kama ulivyosema. Jonah atangulie.

Jana nilikwenda Bahati. Mama yako alikuwa amekaa mlangoni, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Nilisema nikiwa nimesimama. Sauti yangu siisikii mwenyewe, kwa hiyo sijui kama nilipiga kelele au nilinong'ona. Nilieleza habari za kiwandani, za Alhamisi, za mwandiko. Mikono yake ilikuwa inaendelea, mawe huku, maharagwe kule. Niliposema kwamba Wasike alijua, ndipo ilipoacha.

Alisema mengi. Niliona midomo ikienda na mishipa ya shingo. Sikumwomba arudie, na daftari lilikuwa mfukoni lakini sikulitoa, niliogopa. Kisha akaingia ndani. Nikabaki pale nje na ungo, mpaka jua likashuka kwenye miti ya jirani. Nilidhani atatoka na rungu, na kusema kweli ningempa mgongo apige.

Alitoka na kalamu na bahasha ya sadaka ya kanisa. Aliandika mstari mmoja nyuma yake, akanishikisha, akasimama kungoja.

Ameandika, "Jonah alizikwa wapi?"

Sijui, mwanangu. Nilikaa chumbani kwa binti yake saa nzima mwezi wa tano. Nilihesabu karatasi, nikashukuru, nikaondoka. Sikuuliza.

Sitati